Chupa Ishirini za Tumbili wa Chemchemi

Chupa ishirini za mavi ya tumbili zinaweza kutoka kwa tumbili ishirini. Zinaweza pia kutoka kwa tumbili sita. Ukishazitia dawa, ukazitikisa, ukazichuja na kuzitazama moja moja kwenye hadubini, huna tena namna ya kuwa na hakika. Hilo ndilo lililoninyima usingizi kuanzia Jumapili hadi Jumatano ya wiki ile. Alhamisi na Ijumaa pia sikulala vizuri, kwa sababu nyingine zilizozaliwa na hiyo hiyo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuaminika katika mambo ya wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Nikituma ujumbe nausoma tena kwa macho ya aliyetumiwa, kisha naanza kuijibu hasira ambayo hajaionyesha. Chuoni wenzangu wakitoka kwenye mtihani walikwenda kula chipsi. Mimi nilibaki koridoni nikijaribu kukumbuka kama niliandika namba yangu juu ya karatasi. Kwa hiyo shaka hii ilipokuja niliipokea kama zile nyingine zote, nikangoja ipite. Haikupita. Na safari hii ilikuwa na siku yake: Jumamosi asubuhi, kijiji kimoja upande wa Puge kingekwenda na mapanga na mafyekeo kukata kichaka chote kinachoizunguka chemchemi yao, miti kwa vichaka, kwa sababu ya kile nilichokiona mimi ndani ya zile chupa.

Kazi yenyewe niliipata baada ya kukaa nyumbani Tabora mwaka mmoja na nusu, nikiwa na shahada ya wanyamapori na hakuna mnyama hata mmoja aliyenihitaji. Mradi ulitaka kujua tumbili wanaoishi karibu na mashamba wana minyoo gani tumboni, na kama ni minyoo ile ile inayowasumbua watu. Tumbili hakamatwi. Unafika alfajiri chini ya mti aliolala, unangoja aamke, na akiamka hufanya kile anachofanya kila mtu akiamka. Unachukua kwa kijiti, unatia kwenye chupa, unamimina fomalini, dawa ya kuyazuia yasioze, unatikisa. Rundo moja, chupa moja, tumbili mmoja. Ukifanya hivyo mara nyingi unaanza kujua kundi zima lina hali gani bila kumgusa hata mmoja.

Watu wa mtaani kwetu walinipa jina la Daktari wa Mavi ndani ya wiki mbili. Mama yangu, ambaye ni fundi cherehani na hushonea barazani, alilia hasa kuhusu chupa.

"Nimesomesha mtoto miaka yote hii," alimwambia mteja wake mbele yangu, akiwa na pini mdomoni, "ili aje aniwekee mavi ya tumbili karibu na vitambaa vya harusi."

"Yamezibwa, mama. Yana dawa."

"Hata maiti hutiwa dawa. Humweki barazani."

Nilikusanya sehemu tatu. Bukene, kwenye miti karibu na reli, nilikusanya mwenyewe. Ziba, ambako tumbili hushuka kunywa maji pamoja na ng'ombe, nilikusanya mwenyewe pia. Sehemu ya tatu ilikuwa hicho kijiji cha upande wa Puge, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Njia ya zamani ya misafara kwenda ziwani inasemekana ilipita karibu na chemchemi hiyo. Kila mzee wa mjini aliyesikia nafanya kazi Puge alinieleza habari za misafara kana kwamba tumbili wangu walikuwa wapagazi. Walinieleza wapagazi walilala wapi, walikunywa wapi, walinunua mtama kwa nani. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia walijisaidia wapi, na hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana kwa kazi yangu. Minyoo haijali historia, lakini inajali sana nani alichuchumaa wapi, na kama maji yako mteremkoni.

Chemchemi iko bondeni, imefunikwa na miti mikubwa na vichaka vilivyoshikana. Tumbili hulala humo. Ukitoka kichakani unaingia moja kwa moja kwenye shamba la mahindi la bibi mmoja mjane, ambaye msimu wa mahindi kukomaa hushinda juu ya dungu lake, kile kichanja cha miti cha kuamia, akiwa na debe la kupiga na kombeo. Huvaa koti la marehemu mumewe. Aliniambia tumbili hawamwogopi mwanamke. Wakiona kanga wanaendelea kula, wakiona koti wanafikiri kwanza.

Asubuhi mbili nilikusanya pale mwenyewe, nikapata kidogo. Kisha nikashikwa na malaria. Tarehe za mradi hazikujua malaria, kwa hiyo, kabla sijalala kitandani kabisa, nilipanda basi la Nzega nikiwa na homa, nikashuka, nikaenda kwa bibi na boksi la chupa ishirini zilizokwisha kuandikwa namba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona macho mekundu? Na hivyo ni vya nini?"

"Vya kuwekea mavi ya tumbili."

Alizitazama chupa, akanitazama mimi. "Mjini yamekwisha?"

Nilimweleza. Nilimwonyesha kijiti, chupa, dawa mpaka mstari huu, kizibo, tikisa. Nilimwambia yawe mabichi, ya asubuhi, asiyashike kwa mkono, asivute hewa ya ile dawa. Nilimwachia glovu na sabuni. Nilimwambia asichukue yaliyokanyagwa na mbuzi. Nilimwambia mambo mengi sana, kwa sababu mimi nikieleza jambo nalieleza mpaka anayesikiliza anachoka. Ila jambo moja sikulisema, kwa kuwa kwangu lilikuwa wazi mno kusemwa.

Baada ya wiki moja nilirudi, nimekonda lakini nimepona. Chupa zote ishirini zilikuwa zimejaa, zimefungwa kwenye kitambaa safi, na pembeni yake mfuko wa karanga za njiani. Nilikaribia kumkumbatia. Katika kazi yangu hakuna kitu kizuri kama idadi iliyotimia.

Mjini nilikuwa nimeazima kona ya maabara ya shule moja. Hadubini ilitegemea umeme na umeme haukuwa wa kutegemewa, kwa hiyo nilijifunza kuhesabu haraka. Katika chupa za Bukene na za Ziba nilikuwa nimeona mayai ya minyoo hapa na pale. Katika chupa za bibi niliyaona karibu kila nilipogusa. Yalikuwa mayai ya mnyoo mjeledi, ambao hukaa kwenye utumbo mpana wa tumbili na wa binadamu vilevile: umbo la pipa dogo, rangi ya asali, na kizibo kila upande. Ni mazuri, ukisahau ni nini. Chupa kumi na nne kati ya ishirini zilikuwa nayo.

Nikampigia mkuu wa mradi, ambaye yuko chuoni mkoa mwingine na ambaye kabla ya hapo hakuwahi kupokea simu yangu nikipiga mara moja tu.

"Kumi na nne?" alisema. "Una hakika ni mjeledi?"

"Nina hakika, Daktari. Nimezirudia."

"Najua umezirudia. Wewe unarudia kila kitu. Safi sana."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusifiwa na mtu aliyeajiriwa. Nilitembea hadi nyumbani bila kuhisi jua. Siku tatu baadaye aliandika barua fupi kwa serikali ya kijiji, ya heshima tu na kudumisha uhusiano, ikisema matokeo ya awali yanaonyesha sehemu kubwa ya tumbili wa chemchemi wameambukizwa, na wananchi wachukue tahadhari. Hakuandika neno kukata. Lakini kijiji ambacho kila mwaka hupoteza mahindi kwa tumbili kikiambiwa na wasomi kwamba tumbili hao wana minyoo na wanalala juu ya maji ya kunywa, hakihitaji neno lingine. Mwenyekiti alinipigia mwenyewe kunishukuru. Mkutano umekaa, alisema. Jumamosi ijayo kila kaya itoe mtu mmoja na panga.

Nilisema, "Asante, mzee." Naikumbuka hiyo asante hadi leo na inanikera.

Jumapili nilikaa kuhamisha maandishi ya daftari kwenda kwenye jedwali. Mimi huandika kila ninachokiona kwenye slaidi, hata kisichohusu minyoo, na hapo kwa mara ya kwanza tabia hiyo ilinigeukia. Chupa ya tatu: nyuzi za plastiki, bluu. Chupa ya nne: nyuzi za plastiki, bluu. Ya tano, ya sita, vivyo hivyo. Ilikuwa plastiki ya kiroba. Nikajiambia kundi zima lilirarua kiroba kimoja. Kisha nikakumbuka jambo ambalo macho yangu yaliliona na akili ikalipita: chupa hizo zote zilikuwa na kiasi kile kile. Tumbili mkubwa na tumbili mdogo hawatoi kiasi kimoja. Chupa hizi zilijazwa kama mtu anayepakua wali.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Nilipanga sababu kumi za kwamba si kitu, na kila sababu ikazaa ya kuipinga. Jumatatu nilimpigia bibi, simu yake haikupatikana. Nikatunga swali la kumuuliza, kwa namna tatu tofauti, ili asione namtuhumu, na zote tatu zilisikika kama mtu anayemtuhumu bibi kizee kuhusu mavi.

Mama aliniona nimekaa na daftari siku ya pili bila kufungua ukurasa.

"Si umuulize huyo bibi?"

"Nikimuuliza vibaya atajisikia vibaya."

"Na usipomuuliza?"

"Watakata kichaka, na labda sababu yenyewe si ya kweli."

Alikata uzi kwa meno. "Mimi nikiletewa kitambaa na sijui ni cha gauni moja au mawili, namuuliza mwenye kitambaa. Sikai nakiangalia kitambaa siku mbili."

Jumatano nilikwenda. Bibi alikuwa juu ya dungu, koti mwilini, anawatukana tumbili kwa Kinyamwezi kwa sauti ya mtu anayesalimia majirani. Nilipanda ngazi. Nikazunguka. Nikauliza habari za mahindi, za mvua, za mgongo wake. Nikauliza kama zile chupa zilimpa tabu.

"Tabu gani? Mavi hayakimbii."

"Tumbili walikuja kila siku?"

"Siku mbili hawakuja kabisa, mvua. Siku moja likaja lile dume lenye sikio lililoraruka, peke yake. Limekula kiroba cha mbegu cha jirani na mfuko wake. Likaja kunya hapo, chini ya ule mti, bila hata aibu."

"Na chupa za siku hiyo?"

"Niligawa."

"Uligawa."

"Sasa ningefanyaje? Umeniachia vyombo ishirini, una homa, umesema unavifuata wiki ijayo. Nikurudishie vyombo vya mwenyewe vitupu? Ungerudi mjini ukasema bibi wa Puge hakufundishwa." Alitikisa debe kidogo kuwakumbusha tumbili kwamba yupo. "Na niligawa kwa haki. Hakuna chupa iliyopunjwa."

"Bibi, kwa jumla yalikuwa marundo mangapi? Ya wiki nzima."

Alihesabu kwa vidole, midomo ikitembea. "Sita. Saba. Lile moja lilikuwa dogo, nikaliongezea."

"Ukaliongezea nini?"

"La mwenzake."

Nilikaa chini kwenye mbao za dungu. Nilitaka kukasirika na sikupata pa kuanzia. Mama yangu hajawahi kurudisha bakuli la jirani tupu. Kama hakuna mboga atatia limau, kama hakuna limau atatia chumvi. Ningejazaje boksi kwa vyombo, nikampa mwanamke aliyelelewa hivyo, nikamwambia navifuata, kisha nitegemee arudishe kumi na tatu vikiwa havina kitu? Nilimwambia kuhusu mbuzi na kuhusu glovu. Sikumwambia rundo moja chupa moja, wala kwamba chupa tupu ingenifaa kuliko iliyojaa. Miaka yote ya chuo na sentensi mbili zilinishinda.

"Nimeharibu?" aliuliza bibi.

Hapo ningeweza kusema hapana. Nilisema, "Jumamosi wanakuja kukata miti ya chemchemi, kwa sababu ya hesabu ya chupa zile."

"Hilo najua, panga langu limeshanolewa." Akageuka kuangalia bondeni. "Kwa hiyo wanakata kwa mavi niliyogawa mimi."

"Kwa mavi niliyohesabu mimi."

Alilifikiria hilo. Yeye kuliko mtu yeyote pale kijijini angepumzika tumbili wakiondoka. Alikuwa ameamka alfajiri kwa ajili yao tangu alipoolewa. Lakini maji yake aliyachota pale pale. Alinionyesha kwa kidevu upande wa pili wa bonde, palipokuwa peupe, kisima kimezungukwa na udongo uliopasuka. Pale walikata miti alipokuwa ananyonyesha mtoto wake wa mwisho, alisema. Waliokata walitaka kuni za kuchomea tofali. Sasa msimu wa kiangazi kisima hukauka, wanakuja kuchota upande huu na wanagombana foleni.

"Basi kawaambie," alisema.

"Si rahisi hivyo, bibi."

"Ugumu uko wapi? Wako pale tu, wala hawajahama."

Alhamisi nilimpigia mkuu wa mradi. Alisikiliza kwa muda mfupi.

"Kila utafiti una dosari," alisema. "Tutaandika mstari mmoja kwenye sehemu ya mapungufu."

"Lakini Jumamosi wanakata kichaka, Daktari."

"Hilo ni lao. Kwenye barua nilisema tahadhari, sikusema kata."

"Wanakata kwa sababu ya barua. Na ile hesabu si hesabu. Ni tumbili sita au saba, na wengine wamechanganywa. Hatuwezi kusema lolote kuhusu kundi. Tena hata kama wote wana mjeledi, huenda wao ndio walioupata kwa watu. Watu wanajisaidia mle mle kichakani, nimeona mwenyewe."

"Sasa umeanza nadharia." Nilisikia anafunga mlango wa gari. "Binti, wewe ni mchapakazi, lakini unafikiri kupita kiasi. Nilikwambia tangu mwanzo. Pumzika mwisho wa wiki."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonimaliza, kwa sababu ilikuwa kweli. Nafikiri kupita kiasi. Nimefikiri kupita kiasi kuhusu mlango, kuhusu jiko, kuhusu kama niliitikia salamu ya shehe kwa sauti ya kutosha. Katika maisha yangu nimeogopa mamia ya mambo na karibu yote hayakuwa kitu. Sasa lilikuwa limetokea moja ambalo lilikuwa kitu, na sikuwa na njia ya kulitofautisha na mengine, maana lilinijia kwa sura ile ile. Ijumaa yote niliitumia kujiuliza kama mimi ni mtu mwaminifu au mtu mgonjwa tu wa wasiwasi. Nilijiuliza wanakijiji wangemcheka bibi kiasi gani. Nilijiuliza kuhusu mkataba wangu. Nilijiuliza kama kichaka kikikatwa kitaota tena, na baada ya muda gani, na nikaanza kutafuta kwenye simu miti ya bondeni hukua kwa kasi gani, mpaka nikajiona ninavyoonekana, mtu mzima amejikunja barazani anatafuta kwenye simu kibali cha kukaa kimya.

Nilichoka. Sijui neno zuri zaidi. Alasiri ile nilifungua jedwali, nikafuta safu nzima ya chupa ishirini, nikaandika badala yake: idadi ya tumbili haijulikani, sampuli ziligawanywa kwa sababu mkusanyaji hakupewa maelekezo kamili na mimi. Nikalituma kwa mkuu kabla sijalisoma mara ya pili. Kisha nikamwomba mama aniamshe kwa basi la kwanza.

"Unakwenda kukata miti?" aliuliza.

"Nakwenda kuzuia."

"Vaa viatu vya kufunga," alisema.

Nilifika wakati watu wamekwisha kukusanyika mbele ya ofisi ya kijiji. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiria, wanaume kwa wanawake, mafyekeo mabegani, na sufuria kubwa ya chai inachemka pembeni. Mwenyekiti aliponiona alifurahi sana.

"Ndugu wananchi," alisema, "mnaona? Daktari wetu amekuja mwenyewe kushuhudia. Mpigieni makofi."

Wakanipigia makofi. Nilikuwa na karatasi mbili nilizoandika kwenye basi, na ukurasa wote wa kwanza ulikuwa wa kuomba radhi. Nikazikunja.

"Shikamooni wazee. Nimekuja kuwaambia msikate," nilisema. "Barua mliyoletewa ina makosa. Tulisema tumbili wengi wa chemchemi wana minyoo. Mimi ndiye niliyehesabu, na hesabu yangu haikuwa sawa. Nilidhani nina tumbili ishirini, kumbe nilikuwa na sita au saba."

Mwanamume mmoja aliyeegemea baiskeli akasema, "Daktari wa mavi, na mavi kuyahesabu yamekushinda?"

Walicheka, na nilistahili. Hata huku jina lilikuwa limefika.

"Yamenishinda," nilisema. "Niliwapa watu chupa bila kuwaeleza vizuri. Kosa ni langu."

"Si lake peke yake," ilisema sauti ya nyuma, na bibi akapita katikati ya watu na koti lake. "Niligawa mimi. Chupa zilikuwa nyingi kuliko mavi."

Sasa walicheka hasa, hata mwenye chai aliweka kijiko chini. Mtu akauliza kama kipimo kilikuwa kikombe au kibaba. Bibi alimjibu kwamba angejua anakuja angemwekea sahani yake. Usiku wote wa Ijumaa nilikuwa nimetafuta namna ya kumficha, na yeye hakuwa na haja ya kufichwa.

Mwenyekiti hakucheka. "Kwa hiyo tumbili hawana minyoo."

"Baadhi wanayo, mzee."

"Wangapi?"

"Sijui."

"Na wanatupa sisi?"

"Sijui. Huenda. Huenda pia sisi ndio tunaowapa, kwa kuwa kuna watu wanaojisaidia mle kichakani juu ya maji. Tukikata miti, hilo halitabadilika. Litaonekana tu kwa urahisi zaidi."

Hapo baadhi ya watu waliangalia miguu yao. Mwenye baiskeli alisema kwamba msomi aliyekuja kuwaambia "sijui" mara mbili asubuhi moja amewagharimu siku nzima ya shamba. Mwanamke mmoja akasema afadhali sijui ya leo kuliko kukosa maji Septemba. Wakaanza kubishana wao kwa wao, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kinyamwezi.

Mwishowe mwenyekiti aliinua mkono. Alitoa ile barua kwenye bahasha, ikiwa na mikunjo minne safi.

"Binti, hii ina muhuri," alisema. "Wewe una mdomo. Nikiulizwa na kata kwa nini sikutekeleza, niwaonyeshe nini?"

Nikamwambia mkuu wangu hajakubali bado, na kwamba anaweza asikubali.

"Sikukuuliza yeye. Nimekuuliza wewe."

Akaigeuza barua upande wa nyuma na kunipa kalamu. Hapakuwa na meza. Mwenye baiskeli, huku akiguna, aliisogeza baiskeli yake nikaweka karatasi juu ya tandiko. Niliandika kwamba matokeo yaliyomo katika barua hii si sahihi, kwamba kijiji kisikate miti ya chemchemi kwa msingi wake, na kwamba aliyefanya hesabu na kukosea ni mimi. Nikaandika majina yangu yote matatu, tarehe na namba ya simu, nikatia sahihi, nikamrudishia kabla sijapata muda wa kuisoma.